Aliyemwaga Maji

Peñalbar, milima ya Albarracín
14 Novemba 1786

Blas wangu,

Soma barua hii ukiwa peke yako, wachungaji wako wasije wakakuona unacheka wakakuvunjia heshima. Jibu la lile swali uliloniuliza ukiwa umeshika hatamu ya nyumbu ni ndiyo. Ndiyo, tena ndiyo. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimetoka kuzika, na kwa sababu shangazi Quiteria alisimama katikati yetu akipiga kelele, "Anasemaje? Anasemaje huyu?" Na kwa uziwi wake ule, ningekujibu kwa sauti ya yeye kusikia, kijiji kizima kingejua kabla yako.

Mwanangu amelala chini ya sakafu ya kanisa, kwenye jiwe la watu wetu, ubavuni mwa mama. Kila Jumapili naweka mshumaa na mkate juu ya jiwe, nakaa hapo hapo misa nzima. Nalia, ndiyo, lakini nalia nikijua yuko wapi. Hilo umenipa wewe. Theluji ilikuwa imefunga daraja, mkunga yuko ng'ambo, shangazi mikono yote miwili ananizuia nisiishe kwa damu. Mimi nyuma ya pazia sikuona kitu. Nilisikia tu sauti yako ikisema maneno ya ubatizo, moja baada ya jingine, kisha mtoto akalia kidogo, kisha basi. Wewe ulikuwa umekuja kuaga, Ginés alikuwa ameniletea blanketi kutoka kinuni kwake anakotwanga sufu. Kama msingekuja, mwanangu angekwenda bila maji.

Tadeo, Mungu amrehemu, sikumchukia. Baba alinichagulia, nikakubali, nikampikia mpaka gogo lilipomwangukia Julai. Lakini unajua vizuri nani nilikuwa namtazama kondoo walipokuwa wakipita.

Nimemtuma Ginés kwa Padri Bernabé amwambie kwamba tutataka kutangaziwa ndoa mkirudi Juni na kondoo kutoka malisho ya kusini. Nikienda mwenyewe, mjane wa juzi, wanawake wa chemchemini watanila nyama mbichi. Ginés alikunja uso kidogo, kisha akasema atakwenda. Una rafiki wa kweli.

Tumechinja nguruwe. Nimekutundikia paja moja juu ya moshi, na mtu yeyote asiliguse.

Wako,
Orosia


Peñalbar
2 Desemba 1786

Kwa Blas Monterde, mkuu wa wachungaji, mfalme wa wanuka kondoo,

Rafiki yangu, nakaa kuandika barua ambayo ningelipa mtu aniandikie. Nimekwenda kwa Padri Bernabé kama Orosia alivyoniomba. Alinisikiliza akitafuna mlozi, halafu akauliza, "Nani alimbatiza yule mtoto?" Nikasema, Blas. Akaacha kutafuna.

Haiwezekani, ndugu yangu. Anayembatiza mtoto anakuwa ndugu wa kiroho wa mama yake. Wewe na Orosia sasa ni compadre na comadre, na kanisa haliwaozi watu wa namna hiyo, kama lisivyowaoza kaka na dada. Ni Roma tu wanaoweza kufungua fundo hilo, na Padri anasema hajawahi kuona Roma wakilifungua kwa ajili ya mtu wa milima hii.

Nilidhani unajua. Lakini nikakumbuka darasa la katekisimu la marehemu Padri Simón, wewe na mimi kwenye benchi la nyuma, mimi nakariri na wewe umesinzia mdomo wazi. Ningejua yatakuja kukugharimu hivi ningekufinya.

Orosia nimemwambia mimi mwenyewe. Hakulia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akafunga mlango. Usihangaike juu yake, nitakuwa napita kuona kama ana kuni. Na wewe, kama unataka ushauri wa rafiki, huko kusini jua ni kali na wasichana ni wengi. Mwaka huu hakuna haja ya kuharakisha kurudi.

Rafiki yako wa tangu utotoni,
Ginés Asensio


Vilches, malisho ya Sierra Morena
20 Desemba 1786

Orosia,

Nimezipata zote mbili, yako na ya Ginés, kwa mkono wa mwendesha nyumbu mmoja, siku moja. Yako nilisoma kwanza. Ningependa kusema nilicheka, lakini ya Ginés ilikuwa chini yake na muhuri wake niliuona.

Sijui niandike nini ambacho hujajiambia mwenyewe. Kondoo wazima. Tumempoteza mmoja kwa mbwa mwitu kwenye kivuko. Jioni wanaume wanakaanga makombo ya mkate kwa mafuta na vitunguu saumu, wanaimba, nami nakaa nao kwa sababu mkuu akijitenga watu huanza kuuliza.

Kuhusu lile la mtoto, sijutii. Nataka ulijue hilo hata kama hutaki kulisikia. Ulichoamua kwenye barua yako nakurudishia mkononi. Wewe ni huru. Usinisubiri kwa huruma.

Blas


Peñalbar
10 Januari 1787

Blas Monterde,

Hujutii! Mimi nimekaa hapa usiku na mchana nakunjua kile kipande cha karatasi nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unaumia, nakuta mbwa mwitu na vitunguu saumu. "Wewe ni huru." Nani alikuomba uhuru? Nilikuambia ndiyo, wewe unaniambia kwaheri kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Kama hunitaki, sema hunitaki, na nitakula lile paja mwenyewe kwa hasira.

Lakini kama unanitaka, sikiliza vizuri, kwa sababu ipo njia.

Nimemwendea Padri Bernabé mwenyewe, na wanawake wa chemchemini wanitafune wanavyotaka. Nikamuuliza, je, kama ubatizo haukukamilika? Akasema kama maneno hayakusemwa yote, basi hapakuwa na ubatizo, na kama hapakuwa na ubatizo, hapana udugu wa kiroho wala compadre. Kwaresima hakimu wa askofu anakuja kukagua parokia zetu. Mbele yake, neno la aliyemwaga maji ndilo zito kuliko yote, kwa sababu yeye ndiye ajuaye ulimi wake ulisema nini. Wewe nenda kwa padri wa huko Vilches, uape kwamba ulibabaika, kwamba ulisema "kwa jina la Baba" ukakwama hapo. Atie muhuri, aipeleke kwa hakimu. Shangazi ni kiziwi, hakusikia. Mimi nitasema nilikuwa nimezimia.

Najua nakuomba uongo. Najua pia kwamba mtoto alibatizwa na Mungu anajua, na Mungu hasomi karatasi za mahakimu. Mwanangu hatapungukiwa na kitu mbinguni kwa sababu wewe umeandika hivi au vile. Waliopungukiwa ni sisi wawili.

Niliozwa mara moja kwa chaguo la mtu mwingine, nikakaa kimya. Safari hii sikai. Nataka kuzeeka na wewe, Blas, nakwambia waziwazi bila aibu. Kama unanipenda, apa. Usipoapa, nitajua ulikuwa mwoga tu uliyefurahi kupata kisingizio.

Orosia


Peñalbar
4 Februari 1787

Kwa Bibi Orosia Jarque,

Nyumba zetu zinatenganishwa na mtaro wa maji tu, na bado naandika barua kama mtu aliye Amerika, kwa sababu kila nikigonga unamtuma shangazi, na shangazi ananijibu mambo ya mwaka juzi.

Padri ameniambia ulichomuuliza, nikajua umemwomba Blas nini. Usimkasirikie Padri, alidhani nimetumwa na wewe kama mara ya kwanza. Kuna jambo hakukueleza, ama kwa huruma ama kwa usahaulifu wa uzee, na nimeona ni mimi nitakayekwambia kwa sababu hakuna mwingine.

Akiapa kwamba maneno hayakusemwa, basi mtoto alikufa bila ubatizo. Mtoto asiyebatizwa halali ndani ya kanisa. Hakimu ataamuru jiwe linyanyuliwe. Watamtoa pale ubavuni mwa mama yako na kumfukia nje ya ukuta wa kaskazini, kwenye upupu, alikozikwa yule mchuuzi aliyejinyonga. Hapawekwi mshumaa pale. Hapawekwi mkate. Padri hatakuruhusu hata kupiga magoti, na baada ya mvua chache hutajua ni wapi.

Sasa nimesema, na utanichukia. Basi nichukie kwa yote mara moja. Nimekupenda kabla Tadeo hajakuletea posa, na kabla Blas hajajua kunyoa ndevu. Nina kinu, mto haujawahi kukikaukia, na nina paa zuri. Sihitaji mtu aape uongo ili nikuoe. Hakuna kitu kati yangu na wewe kinachozuia. Fikiri.

Ginés Asensio


Peñalbar
4 Februari 1787

Blas, Blas, usiape!

Achana na yote niliyoandika. Usiende kwa padri wa huko. Kama umekwenda rudi, mwambie ulikuwa umelewa, mwambie mwanamke mwendawazimu alikuandikia. Watamtoa, Blas. Watanyanyua jiwe wamtoe mwanangu, wamtupe nje ya ukuta kwenye upupu. Sikujua. Padri hakusema na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshikilia ile njia kama mtu aliyeona mlango umefunguka, sikutaka kuuliza una nini nyuma yake.

Nimekwenda kanisani sasa hivi. Nimelala kifudifudi juu ya jiwe mpaka msafishaji akanifukuza.

Mwendesha nyumbu anasema njia ya mlimani imefungwa na theluji na hataondoka mpaka ifunguke. Nimemsihi azungukie Teruel. Ameniangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akakubali kujaribu. Barua ile ya Januari iliondoka njia ikiwa kavu. Labda umeisoma zamani. Labda umeshaapa. Sijui naandikia mtu aliyekwisha kufanya au ambaye bado.

Usiape. Nimekuita mwoga. Basi uwe mwoga.

Orosia


Vilches
11 Februari 1787

Ginés,

Nimepata barua ya Orosia ya Januari. Anataka niape kwamba sikumaliza maneno. Jumapili ijayo baada ya misa padri wa hapa ananingoja na wino wake.

Kabla sijakwenda, nina jambo moja nawe. Nimelifikiria njia nzima nyuma ya kondoo, na nimekaa nalo miezi hii bila kumwambia mtu. Jagi la maji lilikuwa mkononi mwako. Ni wewe uliyeyachota mtungini. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, amelala kwenye kiganja na nusu ya mkono, na wewe ulikuwa karibu na dirisha kuliko mimi, unamwona uso. Ungeweza kumwaga. Ulinyoosha mikono yote miwili ukanipa jagi, ukasema, "Mwaga wewe, mimi mkono unanitetemeka."

Ginés, nimekuona ukiingiza mkono kati ya nyundo za kinu zikiwa zinapiga ili uondoe uzi ulionasa. Mkono wako haujawahi kutetemeka.

Darasani kwa Padri Simón mimi nilisinzia, ndivyo ulivyoniandikia. Wewe ulikuwa unakariri. Basi niambie kama mwanamume. Ulijua?

Blas


Peñalbar
28 Februari 1787

Blas,

Nilijua.

Umefurahi? Nilijua tangu nilipoona rangi ya yule mtoto. Niliona mmoja wetu atamwaga maji na mtu huyo hatamwoa Orosia milele, na mimi nilikuwa nimeshaiona harusi yake mara moja nikiwa nimesimama mlangoni mwa kanisa na kofia mkononi, nikiwapigia makofi. Sikuweza mara ya pili. Sikumdhuru mtoto. Maji alipata, maneno alipata, mbingu alipata. Nilichofanya ni kutokuwa mimi wa kumwaga.

Usijifanye mtakatifu. Wewe uliingia kwenye kizuizi hicho kama kondoo wako wanavyoingia zizini, bila kujua. Hiyo siyo wema, hiyo ni kusinzia darasani. Ungejua kama nilivyojua, ungenirudishia lile jagi, tungerushiana kama watoto wanaochezea kaa la moto, na mtoto angekufa katikati yetu. Unalijua hilo moyoni. Niambie ungefanya nini kama ungejua. Niambie, kama wewe ni mwanamume.

Kuhusu kiapo, Jumapili yako imeshapita, basi iwe ulivyofanya. Orosia nimemweleza wanachofanyiwa watoto wasiobatizwa. Kama uliapa hayo, mimi nitakuwa kwenye ule umati unaotazama jiwe likinyanyuliwa, na nitamshika mkono akianguka. Nadhani wewe ndiye atakayemchukia siku hiyo.

Ginés


Peñalbar
16 Machi 1787

Blas,

Sijui hii itakukuta na hali gani, wala sijui ni barua ipi iliyokuwa ikijibu ipi miezi hii. Nakueleza ilivyokuwa.

Hakimu wa askofu amekuja, mtu mwembamba mwenye mafua, anapangusa pua na kile kile kitambaa anachofutia miwani. Jambo letu alikwisha kulipata kwa Padri Bernabé. Alituita kanisani, sisi wote, akaketi kwenye kiti cha padri, na nyuma yake walisimama wanaume wawili na mitaimbo. Mitaimbo, Blas. Waliiegemeza ukutani wakawa wanazungumza habari za bei ya sufu.

Alimwita Ginés kwanza. Ginés akasema alisikia maneno yote. Hakuniangalia.

Kisha akaniita mimi. Nilikuwa nimekuahidi kusema nilizimia. Nikasema nilisikia kila neno, kwa sauti yako, mpaka Roho Mtakatifu. Akaniuliza, "Una hakika, binti?" Nikasema naapa kwa mama yangu aliyelala chini ya hilo jiwe. Akasema vizuri, lakini aliyemwaga ndiye atakayemaliza ubishi, na karatasi yake imefika jana kutoka Vilches na muhuri haujavunjwa.

Akaiweka juu ya goti. Akapiga chafya. Akatafuta miwani.

Nilimwangalia akiivunja ile nta nikajua kwamba kama ulifanya nilichokuomba Januari, basi mimi nimeapa uongo au wewe umeapa uongo, na kwa vyovyote wale watu wawili wataokota mitaimbo yao. Na ningekuwa ni mimi niliyekuomba. Ni mimi niliyeandika, kama unanipenda, apa. Nilisogea nikasimama juu ya jiwe. Shangazi Quiteria, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja la yote yale, akaja akasimama kando yangu, akaweka fimbo yake mbele kama mlinzi wa lango.

Hakimu akasoma kwa sauti. "Maji yalikuwa safi, ya mtungini. Niliyamwaga kichwani mara tatu, na maneno niliyasema yote, bila kukosea. Mtoto alikuwa hai. Alilia maji yalipomgusa. Mimi, Blas Monterde, kwa Mungu na kwa Msalaba."

Basi. Akakunja karatasi. Akasema mtoto abaki alipo, na kizuizi kibaki kilipo, kisha akauliza kama kuna supu.

Nilipiga magoti pale pale. Nililia kwa sababu mwanangu amebaki, na nililia kwa sababu nimekukosa, na sijui ni machozi gani yalikuwa yapi.

Lakini niambie kitu kimoja, maana kinaniwasha. Uliandika hivyo baada ya kupata barua yangu ya Februari? Ulinitii? Au ilikuwa haijafika, na ulikataa tu nilichokuomba? Ni barua yangu ipi uliyoifuata?

Orosia


Vilches
25 Machi 1787

Ginés,

Umeniuliza ningefanya nini kama ningejua.

Nilijua. Siku ile kwa Padri Simón sikuwa nimesinzia. Nilipokuwa nimemshika mtoto nilikungoja wewe umwage. Nilikungoja kwa makusudi, na mimi nikiomba iwe wewe. Kisha ukaninyooshea jagi, nikakuangalia usoni, nikajua kwamba na wewe unajua. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka bluu. Hapakuwa na nafasi ya kukurudishia.

Orosia hajui, na sitamwambia. Atadhani namdai.

Blas


Peñalbar
14 Aprili 1787

Kwa Bibi Orosia,

Ndani ya hii naweka barua niliyoipata kutoka kwa Blas. Ni fupi, utaisoma ukiwa umesimama mlangoni.

Nimekaa nayo Pasaka nzima. Nilitaka kuichoma, na moto wa kinuni ulikuwa unawaka. Miezi yote hii nimeweza kula na kulala kwa sababu nilijiambia mtu yeyote angefanya nilivyofanya, na kwamba yeye alinishinda kwa kutokujua tu. Sasa hata hilo sina.

Naondoa neno langu la Februari. Usinijibu. Blanketi zako mbili zimekwisha kutwangwa, nitamwachia shangazi ukutani.

Ginés Asensio


Peñalbar
15 Aprili 1787

Compadre,

Ni mara ya kwanza nakuita hivyo na kalamu imenigomea. Nitazoea.

Ginés amenipa barua yako. Kumbe ile ya Desemba, ile ya vitunguu saumu, uliiandika ukiwa unajua kila kitu tangu siku ya kwanza. "Sijutii." Nami nikakuita mwoga! Ungekuwa mbele yangu ningekupiga kofi kwanza, halafu ningekuomba msamaha. Kwa nini hukuniambia? Uliona nitajihisi nadaiwa? Mwanamume mjinga wewe. Ulikuwa unaniuliza kama nitakuwa mke wako ukiwa umeshika hatamu, na huku unajua kwamba haiwezekani, kwamba ulikwisha kulifunga jambo hilo kwa mkono wako mwenyewe. Uliuliza tu upate kusikia jibu?

Barua yangu ya Februari sijui imefika kwako au bado, na sasa sijali. Najua hukuwa unaifuata.

Nimekwenda kwa Padri Bernabé. Nikamwambia aandike Roma. Akasema hawatajibu. Nikasema aandike. Akasema wakijibu itachukua miaka mingi. Nikasema mimi ninayo miaka, afanye haraka kutafuta wino. Anaandika sasa, analalamika, lakini anaandika.

Ginés nilimkuta ukutani akiweka blanketi. Nilitaka kumtukana na nilikuwa nimejiandaa vizuri. Alinivulia kofia, akanipisha njia, nikapita bila kusema neno. Sijui kama nimemsamehe. Leo sijamsamehe.

Kondoo wakirudi Juni, usiwapitishe daraja la chini kama mtu anayejificha. Wapitishe mbele ya mlango wangu, mchana, watu wote wa chemchemini waone. Utashuka, utaketi mezani, utakula nilichopika, kisha utaondoka kabla ya giza kama compadre mwenye adabu zake. Ndivyo itakavyokuwa kila mwaka, mpaka Roma waseme, na kama hawatasema kitu, basi ndivyo itakavyokuwa mpaka mmoja wetu azikwe.

Watu watanishauri niolewe. Baba ameshaanza. Nimemwambia na yeye nitakachokwambia wewe. Wanaume wawili walisimama mbele ya mwanangu anayekufa, na wote wawili walijua. Mmoja alinishikilia mimi, akatoa jagi. Mwingine aliniachia ili mtoto apate maji. Nitaolewa na huyo aliyeniachia, au sitaolewa kabisa.

Comadre wako,
Orosia